Fahamu: Dalili za kiharusi, na barabara ndefu kutoka Bwera

Mtu anaongea vizuri sokoni Mpondwe, magharibi mwa Uganda, mara mdomo unapinda, mkono mmoja unalegea, maneno hayaeleweki. Wengine watasema karogwa. Hapana, hicho huenda ni kiharusi: donge la damu limeziba mshipa wa ubongo, au mshipa umepasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha isiyotibiwa.

Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi kwa lugha yake ya nyumbani. Akishindwa hata moja, anzeni safari.

Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo, maana kwa mshipa uliopasuka dawa hiyohiyo ni hatari. Hospitali ya Bwera iko karibu na mpaka wa Kongo; ya rufaa ya Fort Portal iko mbali hata ukishafika Kasese mjini. Kwa hiyo dakika zinazopotea nyumbani zinauma kuliko zote. Piga 999 au 112, au hospitali ya karibu uulize ambulensi. Ikikosekana, tafuteni gari la jirani. Kwenye bodaboda aliyepooza huanguka.

Andikeni saa dalili zilipoanza. Msimpe chakula, maji wala aspirini. Akitapika au kusinzia, mlazeni ubavu.

Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, mpelekeni vilevile siku hiyohiyo: kiharusi kikubwa kinaweza kufuata.