Umepiga Mbizi Diani Jumapili, Jioni Uko Ndani ya SGR? Hiyo Kompyuta Mkononi Ina Kitu Inataka Kukushow

Form ya wikendi ya Coast inajulikana. Ijumaa usiku mbogi inatoka Nairobi, Jumamosi mnaanika miguu kwa mchanga Diani, na Jumapili asubuhi kuna msee mmoja lazima aseme, "Si tupige mbizi kabla turudi?" Mnabebeshwa mitungi, mnashuka, mnaona kasa, picha za Insta zinaingia. Mchana mko mbio mbio kushika treni ya Nairobi.

Hapo kwa treni ndio kuna noma, na wengi hata hawana rada.

Kabla ushuke, kuna saa nono unafungwa mkononi. Hiyo inaitwa kompyuta ya mbizi. Wasee wengine huiona kama kitu ya kupiga luku, lakini kazi yake ni kuweka hesabu ya kitu huwezi kuona wala kuskia mwilini. Na hesabu hiyo haiishi ukitoka kwa maji. Inaendelea ukiwa kwa boti, ukikula pweza, na hata ukiwa njiani kurudi Nairobi. So kama unapenda mbizi ama unapanga kuanza, kaa hapa dakika chache tubonge.

Deni la naitrojeni

Hewa iko kwa mtungi wa kawaida si oksijeni tupu vile watu hudhani. Ni hewa hii hii tunavuta Tao, imeshindiliwa tu: karibu asilimia 79 ni naitrojeni, na 21 ni oksijeni. Ukiwa juu ya maji naitrojeni haina maneno, inaingia na kutoka. Lakini kila mita 10 unashuka, presha inaongezeka sawa na ile ya hewa yote iko juu yako ukiwa ufuoni. Kwa mita 10 presha ni mara mbili, kwa mita 30 ni mara nne. Presha ikipanda, naitrojeni inasukumwa iingie kwa damu, misuli, mafuta na viungo.

Ukiwa bado chini, inakaa tu. Shida ni kupanda. Ukipanda pole pole, inatoka taratibu kupitia mapafu. Ukipanda mbio, ni kama soda imetikiswa na mat ya Rongai njia yote halafu ukaifungua. Mapovu kila mahali. Sasa fikiria hayo mapovu yakiwa kwa goti, kwa uti wa mgongo ama kwa ubongo.

Ugonjwa huo haukuanza na watalii. Miaka ya 1870, wafanyakazi waliojenga misingi ya daraja la Brooklyn kule New York walikuwa wanachimba chini ya mto ndani ya masanduku makubwa yenye hewa ya presha. Wengine wakitoka juu, viungo viliwauma hadi wanatembea wamejikunja. Mnamo 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kwanza ya maana ya kupanda kwa vituo, baada ya kujaribu na mbuzi ndani ya chemba ya presha. Kwa miaka mingi wapiga mbizi walibeba hayo majedwali. Kompyuta ya kwanza kushika soko vizuri, Orca Edge, ilitoka 1983.

Hiyo kompyuta inahesabu nini?

Ndani kuna kitu mbili za maana: kipima presha na saa. Kila baada ya sekunde chache inasoma uko kina gani na umekaa kwa muda gani, halafu inakadiria naitrojeni imeingia kiasi gani kwa sehemu tofauti za mwili. Hesabu inayotumika sana ilitoka kwa daktari Mswisi, Albert Bühlmann, na inagawa mwili mafungu 16, mengine yanajaa haraka, mengine pole pole.

Shika neno hilo: inakadiria. Haijakutoa damu. Haijui kama jana ulilala saa kumi asubuhi, kama uko na lock, kama hujakunywa maji ama kama umenenepa. Inajua kina na muda tu.

Kwa skrini kuna namba moja muhimu kuliko zote: dakika zilizobaki. Ni kama bundles. Ukizidi kushuka, zinaisha haraka. Ukitumia jedwali maarufu la PADI, mbizi ya kwanza ya siku kwa mita 18 inakupa dakika 56. Shuka mita 30 na unabaki na dakika 20 pekee. Ndani ya muda huo unaweza kupanda moja kwa moja hadi juu, bora upande pole pole.

Zikiisha ukiwa bado chini, sasa umeingia Fuliza. Umekopa, na lazima ulipe kabla utoke. Kompyuta itakuambia usimame kwa mita fulani, dakika fulani, na hapo hakuna kubargain. Kama hewa kwa mtungi imekwisha na deni bado, ndio unajua hujui.

Unakumbuka mkasa wa feri ya Likoni mwaka wa 2019? Mtandaoni kila mtu alikuwa anauliza mbona wapiga mbizi wasiruke tu wamalize. Gari lilikuwa limelala kama mita 58 chini. Hapo presha ni karibu mara saba ya ufuoni, na dakika za kukaa bila deni ni chache mno, wakati mipaka ya mbizi za kujifurahisha ni mita 40. Kila dakika ya kutafuta huko chini inalipiwa na dakika za kungoja njiani ukipanda. Hiyo ndio hesabu watu hawakuwa wanaiona.

Vile unafaa kuitumia

Moja, kila mtu na yake. Usikubali ile story ya "tutafuata ya mwenzako". Mkiwa wawili, mmoja akishuka mita tatu zaidi kucheki pweza, hesabu zenu zishatofautiana. Na mkiwa na mbili zinaonyesha namba tofauti, fuateni ile iko na dakika chache.

Mbili, usibadilishe katikati. Mbizi ya pili ya siku unaanza ukiwa na deni la ya kwanza. Kompyuta uliyovaa asubuhi inajua hilo. Ukichukua nyingine mchana, inakuona kama mgeni ametoka Nairobi leo, inakupa dakika za bure ambazo mwili wako hauna. Na ya kukodi ni vile vile: uliza kama ilivaliwa na mtu mwingine leo, juu unaweza kubeba deni la msee hata humjui.

Tatu, cheki mipangilio kabla boti ing'oe nanga. Iko kwa mita ama kwa futi? Betri iko aje? Na gesi je? Hii ya gesi ni serious. Kuna mitungi ya naitroksi, hewa imeongezwa oksijeni, mara nyingi asilimia 32. Kama kompyuta imewekwa 32 lakini mtungi wako ni hewa ya kawaida, inadhani unavuta naitrojeni kidogo kuliko ukweli. Itakuchekea na dakika nyingi huku deni likipanda. Kinyume chake, kama mtungi ni 32 na kompyuta iko kwa hewa ya kawaida, haitakuonya ukikaribia mita 33, na kupita hapo oksijeni yenyewe inaweza kugeuka sumu, ukapata kifafa ndani ya maji. Ndio maana naitroksi ina mafunzo yake.

Nne, usikimbize sufuri. Skrini ikisoma dakika tano, hiyo si ruhusa ya kukaa dakika tano. Anza kupanda kina kidogo mapema. Mbizi nzuri inaanzia mahali pa kina na kumalizikia juu juu kwa matumbawe, na kwa Diani na Watamu huko juu ndiko rangi ziko.

Tano, panda kama mzee wa kanisa. Kompyuta nyingi zinataka usizidi kama mita 9 kwa dakika, na ukizidi zinalia. Ikilia, punguza. Usipambane nayo. Na usiwahi kuziba pumzi ukipanda, juu hewa kwa mapafu inapanuka na inaweza kuyapasua. Ukifika mita 5, simama dakika tatu hata kama huna deni. Hicho kituo ni cha usalama. Kile cha deni ni cha lazima. Jua tofauti yake.

Sita, kompyuta haichungi mtungi. Zingine zimeunganishwa na mtungi, lakini nyingi za mkononi hazijui umebakisha hewa ngapi. Geji ndio inajua. Unaweza kuwa na dakika 30 kwa skrini na hewa ya dakika nane. Cheki zote mbili, kila mara.

Saba, ikizima, mbizi imeisha. Hakuna cha kukisia. Mwonyeshe mwenzako ishara, pandeni pole pole, simameni mita 5, tokeni. Halafu kaa nje ya maji masaa 24 kabla uanze upya na kompyuta nyingine.

Sasa turudi kwa treni

Ukitoka kwa maji, kompyuta nyingi zinaonyesha kapicha ka ndege kamekatwa, na masaa yanahesabika kurudi nyuma. Maana yake: usipande juu. Watu huona ndege na kusema, "Mimi natumia SGR, hiyo hainihusu."

Inakuhusu, boss. Shida si ndege. Shida ni hewa nyepesi. Ukiwa kwa ndege, hewa ya ndani imewekwa kama uko mlimani, inaweza kufika sawa na mita 2,400 juu ya bahari. Nairobi nayo iko zaidi ya mita 1,600. Treni, basi, gari ya beshte yako, zote zinakupandisha huko kwa masaa machache tu. Kwa mwili wenye deni la naitrojeni, kutoka Diani hadi Nairobi ni kuendelea kupanda baada ya kutoka kwa maji. Soda inafunguliwa mara ya pili.

DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, una muongozo wa kuruka na ndege baada ya mbizi, na unahusu hewa ya kuanzia mita 600 hadi 2,400. Nairobi imeingia hapo vizuri. Ukipiga mbizi moja bila deni, ngoja angalau masaa 12. Ukipiga zaidi ya moja, ama siku kadhaa mfululizo, ngoja angalau 18. Kama uliingia Fuliza, ngoja zaidi sana. Wengi hurahisisha mambo wanasema 24 kwa kila kitu, na hiyo ndio form safi.

Piga hesabu. Umepiga mbizi mbili Jumapili, ya mwisho umetoka saa saba mchana. Masaa 18 yanaisha saa moja asubuhi Jumatatu. Treni ya Jumapili jioni imekosea mapema. Dawa ni rahisi na haikuli doh ya ziada: mbizi fanya Jumamosi, Jumapili kaa ufuoni, ogelea juu juu, kula viazi karai, halafu uende home.

Ukiskia vibaya

Ishara zinaweza kuja dakika chache baada ya kutoka, ama masaa mengi baadaye ukiwa ushafika home: viungo kuuma, ganzi ama kuwashwa, ngozi kuwa na madoa, uchovu si wa kawaida, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, kukojoa kuwa shida. Wasee hujidanganya ati ni mtungi ulikuwa mzito ama ni uchovu wa safari. Usimeze painkiller ulale.

Lala chini, upewe oksijeni safi haraka, na kituo chako cha mbizi kipigiwe simu pamoja na daktari. DAN pia ina laini ya dharura inayofanya kazi masaa 24. Matibabu yenyewe ni chemba ya presha, so kabla hata ulipie mbizi, uliza: oksijeni iko kwa boti? Chemba ya karibu iko wapi? Mahali wanakasirikia hayo maswali, toka uende kwingine. Na usirudi kwa maji ati ujitibu. Ukienda hospitali, waambie wazi kwamba ulipiga mbizi, na ubebe kompyuta yako. Kila kina na kila dakika imeandikwa humo, na daktari atataka kuona.

Bahari yetu iko fiti, na kushuka kuiona si ya watalii peke yao. Lakini kuna msee kwa mbogi yenu ashalipia mbizi ya Jumapili asubuhi na tiketi ya Jumapili jioni. Mtumie hii leo, akiwa bado na muda wa kubadilisha tiketi.