Mtoto amepata kazi ku biro ya mashauri: tushangilie ao tuogope?

Mara nyingi habari inaingia ku lupango saa ya mangaribi. Mtoto amemaliza masomo ku Université ya Lubumbashi, jiolojia ao mambo ya mazingira. Anasema: «Baba, nimepata kazi.» Baba, mwenye miaka 20 ku mgodi, anauliza mbio: «Ku kampuni gani?» Mtoto anajibu: ku biro ya mashauri. Nyumba inanyamaza. Kisha mama anauliza: «Ile njo kazi gani? Ni kuuza maneno?»

Tusimcheke mama. Hapa kwetu watu wa mashauri, wale tunaita consultants, walikuja mara nyingi na makaratasi, kisha kazi ikapungua. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa mpango wa «départs volontaires» uliolipwa na Banki ya Dunia. Waliitwa watu wa kujitolea, kumbe walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Miaka michache nyuma yake, biro ya Ufaransa, SOFRECO, ikapewa kazi ya kusimamia Gécamines. Njo maana mzee akisikia neno consultant, moyo unamruka.

Lakini biro ile mtoto anakwenda inaweza kuwa na kazi ingine kabisa. Sheria ya migodi ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inaomba kampuni ilete uchunguzi juu ya mazingira na maisha ya watu mbele ya kuchimba. Kampuni inalipa biro ifanye ule uchunguzi. Biro inatuma vijana kupima maji ya mto, kuhesabu mashamba, miti ya maembe, manyumba na makaburi. Biro zingine zinachunguza mawe, zingine hesabu ya pesa.

Tuanze na mazuri. Kijana anajifunza mambo mingi kwa wakati mfupi. Mwenzake wa kampuni anaweza kukaa miaka 5 mbele ya mashini moja, lakini yeye leo ni Kolwezi, kesho Fungurume, kesho kutwa Kipushi. Anajua kuandika raporo na kuongea na wakubwa bila kutetemeka. Na wakubwa wa kampuni wanamuona: siku wanatafuta mtu, jina lake wanalijua tayari.

Sasa ubaya. Kwanza, kazi inafuata soko. Bei ya kobalti ikianguka, kampuni inaweza kuacha uchunguzi mbio kuliko kuacha kuchimba, na kijana anarudi nyumbani. Pili, raporo iko na tarehe yake: usiku halali, siku ya Mungu hapumziki, bibi na watoto wanamuona kwa telefone.

Tatu, karatasi yenyewe. Kuna contrat ya kazi na kuna contrat ya consultance, na hizi si ndugu. Mwenye contrat ya kazi, mwajiri anapashwa kumuandikisha ku CNSS, kumupa konje, na kumtunza akigonjwa, yeye na jamaa yake. Mwenye contrat ya consultance anahesabiwa kama mchuruzi anayeuza kazi yake. Pesa inaweza kuonekana mingi, lakini dawa ya mtoto, pansio na kodi ni juu yake mwenyewe.

Ine, na hii njo nzito kupita zote: mwenye kumlipa biro ni ile kampuni biro inachunguza. Tuseme maji ya mto yameharibika. Mkubwa anasema: «Punguza maneno kidogo, kampuni isikasirike.» Kijana anafikiri mshahara wake. Lakini jina ku raporo ni lake, na mwenye kunywa ile maji anaweza kuwa shangazi yake.

Kwa hiyo, mbele ya kutia mkono, aulize mambo matatu. Ni contrat ya kazi ao ya consultance? Kama ni CDD, inaisha siku gani? Sheria ya kazi inasema CDD haipite miaka 2, na hairudiliwe kupita mara moja, isipokuwa kwa kazi za majira na zingine sheria inataja. Na tatu: raporo ikigeuzwa, jina la nani linabaki chini?

Kwa kijana asiye na watoto bado, tunaona aende, lakini aende kama mtu anayeenda masomo, na aweke pesa pembeni kwa siku contrat itaisha. Kwa mwenye jamaa kubwa na kazi ya CDI mkononi, afikiri mara mbili.

Na wewe baba, usiseme «mimi sijui mambo ya biro». Miaka yote ulisoma makaratasi ya kampuni pamoja na délégué wa sendika. Mwambie mtoto: leta ile contrat hapa ku meza, tuisome pamoja, kisha utatia mkono.