Fedha za Likizo ya Askari na Jinsi ya Kuzidai

Askari anapoacha jeshi huwa na hesabu mbili za kumaliza na Serikali yake: hesabu ya vitu na hesabu ya siku. Hesabu ya vitu, yaani bunduki, sare na blanketi, haisahauliwi, kwa sababu Serikali ndiyo inayodai. Hesabu ya siku husahauliwa mara nyingi, kwa kuwa hapo mwenye kudai ni askari mwenyewe, naye siku hiyo hufikiri kwenda nyumbani tu.

Siku zinazosemwa hapa ni siku za likizo, au livu kama watu wengi wanavyoiita. Askari akiwa na haki ya kupumzika siku kadhaa kila mwaka huku akipata mshahara, kisha kazi ikamzuia asipumzike, siku zile ni mali yake. Lakini haikuwa hivyo tangu zamani, wala si rahisi kila mahali kuzigeuza siku hizo kuwa fedha. Mambo yaliyotokea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili yanaonyesha vizuri jinsi jambo hili lilivyoanza. Tena yanawahusu watu wa kwetu, kwa maana mgeni aliyepewa kibali cha kukaa Marekani daima anaweza kuandikwa katika jeshi la nchi hiyo, na wamo vijana wa Kenya waliofanya hivyo.

Wakati wa vita vile, maofisa wa jeshi la Marekani walikuwa na haki ya likizo kwa sheria. Ofisa aliyemaliza kazi na bado ana siku zake aliachwa katika orodha ya mshahara mpaka siku hizo zikaisha, ingawa yeye mwenyewe alikwisha rudi kwake. Askari wa vyeo vya chini hakuwa na haki hiyo. Yeye alipewa ruhusa kamanda wake alipopenda, na asipopewa, basi. Watu wawili walikuwa katika kisiwa kimoja cha Pasifiki, wakipigwa na jua moja na mabomu yale yale, wote wawili hawakupata nafasi ya kupumzika. Mmoja akarudi na mshahara wa miezi kadhaa, wa pili akarudi bila kitu kwa siku zake. Si ajabu kwamba manung'uniko yalikuwa makubwa.

Dwight Rogers, mjumbe wa Bunge kutoka Florida, alipeleka mswada ili askari wa vyeo vyote watendewe sawa. Rais Truman aliutia sahihi tarehe 9 Agosti 1946. Sheria ilisema kwamba kila mwezi wa kazi ulimpa askari siku mbili na nusu za likizo, kuanzia tarehe 8 Septemba 1939. Siku alizokwisha kupumzika zilitolewa katika hesabu, na hata hivyo hakuna aliyeweza kulipwa zaidi ya siku 120. Kila siku iliyobaki ililipwa kwa kiasi cha mshahara aliokuwa nao siku ya kuachishwa, pamoja na senti 70 za chakula.

Tuseme askari mmoja alikuwa na mshahara wa dola 50 kwa mwezi, na siku 60 hazikutumiwa. Mshahara wa miezi miwili ni dola 100. Chakula cha siku 60 kwa senti 70 ni dola 42. Jumla ni dola 142, karibu mshahara wa miezi mitatu.

Lakini hakupewa dola 142 mkononi. Serikali iliogopa kwamba fedha nyingi zikimwagwa sokoni kwa mara moja, bei za vitu, ambazo tayari zilikuwa zikipanda, zingepanda zaidi. Kwa hiyo deni lililofika dola 50 na zaidi lililipwa kwa bondi, yaani hati ya Serikali ya kuahidi kulipa baadaye. Bondi hizi zilihesabiwa kwa mafungu ya dola 25, na kilichozidi kililipwa taslimu. Askari wa mfano wetu alipata bondi ya dola 125, na dola 17 mkononi. Bondi ilizaa faida ya mbili na nusu kwa mia kila mwaka, nayo ilikuwa ya kulipwa miaka mitano baada ya mtu kuachishwa. Kwa mwenye kazi nzuri hiyo ilikuwa akiba njema. Kwa mwenye watoto wanaotaka viatu ilikuwa karatasi tu, na malalamiko yakaanza upya. Katika mwaka wa 1947 Bunge lilibadili sheria, na tangu Septemba mwaka huo mwenye bondi aliruhusiwa kuibadili kwa fedha.

Ofisi za jeshi hazikuwatafuta watu nyumbani kwao. Aliyetaka fedha zake ilimpasa kwenda posta kuchukua fomu, kuijaza, kula kiapo mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kupokea viapo, na kuipeleka pamoja na hati yake ya kuachishwa jeshini. Askari aliyekufa baada ya kuachishwa, mjane wake na watoto, au wazazi wake, waliweza kudai kwa niaba yake. Siku ya mwisho iliwekwa tarehe 1 Septemba 1947, kisha muda ukaongezwa, maana waliochelewa walikuwa wengi.

Desturi ya siku mbili na nusu kwa mwezi, yaani siku 30 kwa mwaka, imebaki mpaka leo katika jeshi la Marekani. Masharti mengine yamegeuka, na mzazi mwenye mtoto katika jeshi hilo atafanya vema kuyajua.

Kwanza, siku haziwekwi bila mwisho. Mwaka wa hesabu huisha tarehe 30 Septemba, na kwa kawaida siku zinazozidi 60 hupotea hapo, isipokuwa kwa baadhi ya waliozuiwa na vita au kazi maalumu. Pili, askari anaweza kuiuzia Serikali siku 60 tu katika maisha yake yote ya jeshi. Hapa wengi hukosea. Mtu huuza siku 40 anapotia sahihi mkataba mpya, anatumia fedha, anasahau. Miaka kumi baadaye anataka kuuza 60 na kuambiwa kwamba zimebaki 20.

Tatu, siku inayouzwa hulipwa mshahara wa msingi peke yake, bila posho ya nyumba wala ya chakula, na kodi hukatwa. Siku moja ni sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa mwezi. Mwenye dola 3,000 kwa mwezi akiuza siku 20 atapata dola 2,000 kabla ya kodi. Lakini akizichukua siku zizo hizo kuwa likizo ya mwisho kabla ya kuachishwa, posho zake huendelea, na anaweza hata kuanza kazi ya kiraia kabla hazijaisha. Kwa hiyo, kamanda akikubali, kupumzika mara nyingi kuna faida kuliko kuuza.

Aliyefukuzwa kwa mwenendo mbaya hunyimwa siku zake. Askari akifa kazini, warithi wake hulipwa siku zote zilizobaki, wala mpaka wa 60 hautumiki.

Hati ya kuachishwa, ambayo kwa namba yake huitwa 214, ina nafasi ya kuandikwa siku zilizolipwa. Yampasa askari aisome kabla ya kutia sahihi, akilinganisha na karatasi zake za mshahara za kila mwezi, ambazo huonyesha siku alizopata, alizotumia na zilizobaki. Karatasi hizo ndizo ushahidi wake, na asizitupe. Akiona kosa baadaye, dai hupelekwa kwa ofisi ya fedha ya jeshi katika muda wa miaka 6 tangu siku lilipostahili kulipwa. Baada ya hapo itambidi aombe asamehewe kuchelewa kwake, na kusamehewa si haki yake, bali ni hiari ya wakubwa.