Fizi: Programu ikipita mkono kwa mkono, utajuaje kama ni ile ile?

Tuseme kijana anapanda pikipiki Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, anakwenda Kilembwe katika sekta ya Lulenge. Mfukoni ana flashi moja. Ndani kuna programu za ordinateri ya kituo cha afya, na zingine za simu ambazo marafiki walimwagiza. Kuzishusha kwa mtandao huko anakokwenda kungekula mega nyingi, na mtandao ukikatika katikati, mega zimekwenda na programu haikufika. Basi flashi ndiyo njia. Kutoka hapo programu itaingia kwenyi ordinateri moja, kisha kwenyi kadi memori, kisha kwenyi simu ya jirani, mpaka ifike kwa mtu ambaye hata hamjui yule kijana.

Mtu huyo wa mwisho ataambiwa: "Hii njo ile ile, weka tu." Lakini atajuaje? Faili ina jina lile lile na picha ile ile, na jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Kama ni programu ya pesa kwa simu, na kuna aliyeibadilisha njiani, namba ya siri itakwenda kwa mwizi siku ile ile ya kwanza.

Jibu la swali hili lipo. Wanaotengeneza programu wanalitumia kila siku: wameacha kuitegemea faili kwa jina ililopewa na mtu, wanaiita kwa jina linalotoka ndani yake yenyewe.

Sanduku na kilichomo ndani

Fundi wa pikipiki anaelewa jambo hili upesi. Masanduku mawili yameandikwa "pistoni", rangi moja, maandishi mamoja. Fundi mzuri haamini maandishi tu. Anafungua, anatoa pistoni, anapima. Mnunuzi wa dhahabu naye hamwulizi mchimbaji dhahabu yake inaitwaje. Anaiweka kwenyi mizani, anaijaribu kwa asidi.

Faili za ordinateri nazo zina mizani yake. Inayotumika sana leo ni hesabu inayoitwa SHA-256, iliyotangazwa kuwa kipimo rasmi na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwaka 2002. Ordinateri inasoma faili yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, inapiga hesabu, halafu inatoa alama 64: tarakimu 0 mpaka 9 zikichanganyika na herufi a mpaka f. Faili iwe barua ya mstari mmoja ao filamu ya saa mbili, alama ni 64 tu.

Chukua herufi tatu, abc, bila nafasi wala kitu kingine. Ukizipima kwa SHA-256, Kilembwe, Dar es Salaam ao Paris, unapata alama zile zile: zinaanza na ba7816bf, zinamalizika na f20015ad. Ukibadilisha herufi moja tu, karibu alama zote zinageuka, hazifanani tena na zile za kwanza. Na mpaka leo hakuna mtu aliyeonyesha faili mbili tofauti zenye alama moja ya SHA-256.

Ndiyo maana wengine wanaziita alama za kidole cha faili. Tofauti na kitambulisho cha karatasi, hazitolewi na ofisi yoyote. Zinatoka kwenyi kitu chenyewe, na kila mtu anaweza kuzipima upya.

Ghala lisilotegemea majina

Programu moja kwa kawaida haitengenezwi na mtu mmoja tangu A mpaka Z. Imeunganishwa na vipande vingi vilivyotengenezwa na watu mbalimbali, kama vile pikipiki ina taa kutoka kiwanda hiki na mnyororo kutoka kiwanda kingine. Kuna programu maalumu ambazo kazi yake ni kuleta vipande hivyo na kuvipanga. Tuziite wasimamizi wa ghala.

Zamani ghala lilipangwa kwa majina. Shida ilikuwa hii: programu ya kwanza inataka kipande cha zamani, ya pili inataka kipande kipya, na vyote viwili vina jina moja. Kipya kikiingia, kinakalia nafasi ya cha zamani, na programu ya kwanza inakufa. Mwenye ordinateri anashangaa: "Mbona jana ilikuwa inatembea?"

Msimamizi anayeitwa pnpm, anayetumiwa na watengenezaji wa programu za mtandao, anapanga kwa njia nyingine. Kila faili inapimwa, na alama zake ndizo zinaonyesha mahali pake ghalani. Kama kazi kumi zinahitaji faili moja, ghala linaiweka mara moja tu, na zote kumi zinaelekezwa pale. Kikija kipande kipya chenye faili 100, na iliyobadilika ni moja tu, ghala linaongeza hiyo moja. Zile 99 zipo tayari. Cha zamani na kipya vinakaa pamoja bila kugombana, juu alama zao hazifanani.

Njia hiyo haikuanza na pnpm. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha katika mwaka 2005 ili kutunza kazi ya watengenezaji wengi, kinahifadhi kila kitu kwa alama za ndani. Nix, iliyoanzishwa na Eelco Dolstra huko Uholanzi, nayo inaweka alama katika jina la kila kitu kilicho ghalani mwake. Lakini mara nyingi Nix inapima maelekezo ya kutengeneza kitu, haipimi kitu kilichokwisha kutengenezwa. Ni sawa na kupima mapishi badala ya kupima ugali.

Ubaya wa kutegemea jina ulionekana wazi mwezi wa 3 mwaka 2016. Mtengenezaji mmoja aliondoa kwenyi ghala kubwa la npm kipande chake kilichoitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu. Kazi nyingi sana ulimwenguni zikakwama kwa saa kadhaa, juu kila moja ilikuwa inaita jina lile na jina halikuwepo tena. Kitu kikitambulikana kwa alama zake, yeyote aliye na kopi anaweza kuitoa, na anayepokea anaweza kuhakikisha kwamba ni chenyewe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu huku

Hapo ndipo panagusa maisha ya Kilembwe na senta zingine za territwari ya Fizi. Programu yenye mega 300 ni mzigo mzito kwa mtandao dhaifu. Lakini alama 64 zinaingia katika SMS moja, na nafasi inabaki. Mtu anaweza hata kuzisoma kwa simu, mwenzake akaandika kwenyi karatasi.

Kwa hiyo vitu viwili vinaweza kupita njia mbili. Faili ipite kwa mkono wa yeyote: dereva, mfanyabiashara, mwanafunzi. Alama zipite kwa mtu unayemwamini, aliyezichukua kwenyi ukurasa wa wenye kutengeneza programu. Faili ikifika, ipime. Alama zote 64 zikifanana, umepata ile ile, hata kama ilipita mikono kumi. Ikitofautiana hata moja, usiiweke. Pengine hakuna mwizi: flashi ilitolewa kabla kopi haijamalizika, faili ikabaki nusu. Hiyo nayo itaonekana.

Kupima hakuombi mtandao wala pesa. Kwenyi ordinateri ya Windows, fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kwenyi Linux andika sha256sum na jina la faili. Baada ya muda mfupi alama zinatokea.

Mambo ambayo alama hazisemi

Kwanza, alama hazisemi kama programu ni nzuri. Programu ya mwizi nayo ina alama zake 64, safi kabisa. Kipimo kinakuambia tu kwamba ulichopokea ni kile kile kilichopimwa. Ni lazima bado ujue nani alikipima na nani alikitengeneza.

Pili, usikubali alama zilizokuja kwenyi flashi moja na faili. Aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na karatasi ya alama iliyo pembeni yake. Lazima zije kwa njia nyingine.

Tatu, mizani nayo inazeeka. Mwezi wa 2 mwaka 2017, watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha hati mbili tofauti zenye alama moja, kwa hesabu ya zamani inayoitwa SHA-1. Git ilijengwa juu ya SHA-1 hiyo, na watengenezaji wake wakaanza kazi ya kuifungulia njia ya SHA-256. Kama unaona programu inaonyesha alama za SHA-1 peke yake, tafuta za SHA-256.

Nne, kwa wenye simu za Android kuna ulinzi mwingine. Kila programu ina sahihi ya mwenye kuitengeneza. Programu ikiwa tayari ndani ya simu, halafu mtu akuletee mpya yenye sahihi tofauti, simu inakataa kuiweka juu ya ile ya zamani. Basi mtu akikuambia, "Futa kwanza ile ya zamani, hii itaingia," simama hapo. Uliza kwa nini simu ilikataa. Kwa programu ya pesa, usifute mpaka upate jibu kutoka kwa mtu anayejua. Na kumbuka kwamba simu haiwezi kukusaidia hivyo kwa programu unayoiweka mara ya kwanza kabisa, juu haina ya zamani ya kulinganisha nayo.

Kwa hiyo, wewe unayeshuka Baraka kushusha programu kwa ajili ya wenzako, fanya kazi moja zaidi kabla ya kurudi. Angalia alama za SHA-256 kwenyi ukurasa wa watengenezaji, uziandike vizuri, uzitume kwa SMS kwa anayengoja Kilembwe. Yeye atakapopokea flashi, awe wewe umeileta ao umempa dereva, atapima mwenyewe mbele ya watu wake.