Mama Asiyefumbua Kinywa

Wenzetu wa rasi ya Sibwesa wamezoea dagaa, migebuka na sangara wa Ziwa Tanganyika. Lakini miambani, karibu na ufuko, wapo samaki wadogo wenye rangi za kupendeza ambao hawaishii chunguni. Hufugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya, Marekani na Japani, na mara nyingi huuzwa kwa jina la kijiji au rasi walikotolewa.

Mmoja wao ni Tropheus. Samaki huyu hukaa kwenye mawe akila ukoga, wala hapendi kuvuka mchanga mpana au maji ya kina. Ndiyo maana kila ufuko una wenye rangi yake. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki hata 15, kisha huyaatamia kinywani kwa karibu mwezi mzima. Hata anapolamba chakula kidogo, huwalisha watoto walio kinywani. Akinaswa wavuni huweza kuwatema. Basi wakivuliwa kwa pupa mahali pamoja, uzao wao hurudi polepole mno.

Kwa sababu hiyo, kuwazalisha nyumbani ni njia njema: kipato kinapatikana na ziwa linapumzika.

Tuanzeje?

Andaa tangi la lita 300 au zaidi, kwa kundi la samaki kama 15, madume wachache na majike wengi. Wakiwa wawili watatu, mkubwa humwonea mdogo hadi kumwua. Panga mawe yenye mapango ya kujificha, na hakikisha hayawezi kuporomoka. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 24 hadi 27, na yawe na chumvichumvi ya mawe kama ya ziwani. Yasiwe ya uchachu. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku moja au mbili kwanza. Weka chujio na pampu ya hewa, na kila wiki badilisha sehemu ya maji.

Walishe chakula cha majani, kidogo kidogo. Nyama na vyakula vizito huwavimbisha tumbo, nao hufa upesi.

Ukimwona jike kidevu kimetuna na hali kama wenzake, usimsumbue. Watoto wakitoka wameshakamilika, na hula chakula kilichosagwa.

Usichanganye samaki wa fuko mbalimbali, wala usiwarudishe ziwani waliochanganyika. Na kabla ya kuwavua au kuwauza, muone afisa uvuvi, kwani biashara hii inahitaji leseni.

Akina mama, tunamjua mzazi anayejinyima ili mtoto ashibe. Muumba ameweka mfano huo hata chini ya maji. Tusiuze mama na watoto wake kwa fedha ya siku moja. Tuwatunze, nasi tutavuna kwa miaka mingi.