MENO YA BANDIA: USIZIBE UFA BILA KUTAZAMA MSINGI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Siwapingi wahenga, la hasha! Lakini katika makala haya nataka kuongeza neno moja juu ya methali hiyo. Ukiuziba ufa bila kutazama ni kitu gani kilichoupasua ukuta, ufa utarudi pale pale. Ndugu msomaji, maneno haya yanahusu meno ya bandia kuliko unavyofikiri.

Najua utaniuliza, "Sisi vijana na meno ya bandia, wapi na wapi?" Sababu ninazo mbili. Kwanza, wengi wetu tunaishi na nyanya na babu, na wao ndio wenye meno hayo. Yakivunjika, sisi wajukuu ndio tunaotumwa dukani kununua gundi. Pili, hili ni jarida la Kiswahili, na Kiswahili chahitaji meno. Tulifunzwa tangu Kidato cha Kwanza kwamba f na v hutamkwa mdomo wa chini ukigusa meno ya juu, na th na dh hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno. Sasa mtoe mtu meno yote halafu mwambie aseme "fedha" au "thamani". Kibogoyo hajasahau lugha. Ni ala za kutamkia ndizo zilizoondoka.

Na yule ambaye meno yake ya bandia yanacheza kinywani, naye hunyamaza, maana anaogopa yasije yakamtoka mbele za watu. Arusini hakai karibu na wenzake, na chakula husema ameshiba. Hadithi, vitendawili, majina ya miti na ya samaki tunayapata kwa wazee. Mzee akinyamaza kwa sababu ya meno, wenye hasara ni sisi.

YALIKOTOKA

Meno haya hayakuanza jana. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake mwenyewe. Watu husema eti meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, lakini si kweli. Yaliundwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko, meno ya watu na ya wanyama wengine, pamoja na madini kama risasi. Tukumbuke kwamba pembe za ndovu na meno ya kiboko ni baadhi ya bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki, na katika karne ya 19 soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Basi huenda wako mabwana wa Ulaya waliotafunia nyama meno ya kiboko wa kwetu!

Katikati ya karne ya 19 ukaja mpira mgumu, uliotokana na uvumbuzi wa Charles Goodyear. Kisha katika miaka ya 1930 ikaingia plastiki iitwayo akriliki, ambayo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo. Ni plastiki ya jamii moja na ile inayopenya mwanga kama kioo, iitwayo Perspex.

YANAVYOUNDWA

Kwanza daktari hukoroga unga maalumu kwa maji, akautia katika kijisahani na kukibandika kinywani mpaka unga ugande. Huko ndiko kuchukua chapa. Unga huo hutokana na mwani wa rangi ya kahawia. (Mwani wanaolima akina mama wa Kibuyuni ni wa aina nyingine, wenyewe hautoi unga huo.) Chapa ikishatoka humiminiwa plasta, ikapatikana sura kamili ya ufizi wa mwenyewe.

Juu ya plasta hiyo fundi hujenga ukingo wa nta, na daktari akapima jinsi taya la juu na la chini yanavyokutana. Kisha meno hupangwa juu ya nta na mgonjwa akayajaribu. Aseme, acheke, ajitazame kiooni. Hapo ndipo mahali pa kulalamika, kwa maana nta hurekebishika. Mgonjwa akiridhika, kazi hufungwa katika kasha la chuma, nta ikayeyushwa kwa maji moto, akriliki ikashindiliwa mahali pa nta, ikapikwa mpaka ikawa ngumu. Mwisho hupigwa msasa na kung'arishwa. Kwa hivyo mgonjwa huenda mara kadhaa, si siku moja. Anayekuahidi meno kamili kwa siku moja bila ya kuyajaribu, mwulize maswali.

KWA NINI YANALEGEA

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Seti ya juu haikushikwa na msumari wala gundi. Inashikwa na mate. Chukua vipande viwili vya kioo, tia tone la maji katikati, kisha jaribu kuvivuta uvitenganishe. Utaona taabu yake. Hivyo ndivyo seti inavyong'ang'ania kaakaa, mradi ilingane na ufizi sawasawa. Seti ya chini ina mahali padogo pa kukaa, na ulimi unaisukuma kila saa. Ndiyo maana wazee wengi huilalamikia hiyo ya chini.

Lakini ufizi haukai vile vile. Jino likiwa na mzizi wake, mfupa wa taya huwa una kazi ya kulishika. Meno yakishang'olewa mfupa hunywea. Hunywea kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo na mwaka wa kwanza, kisha kasi hupungua, ila haukomi maisha. Taya la chini hunywea zaidi kuliko la juu. Plastiki nayo hainywei. Ni kama mtu aliyekonda akabaki na suruali yake ya zamani: suruali ni ile ile, kiuno ndicho kilichobadilika.

Dawa yake ni kutiwa bitana. Mafundi cherehani wanalijua neno hili. Kama vile koti linavyotiwa kitambaa cha ndani, fundi wa meno huchukua chapa mpya ndani ya seti ile ile, akaongeza akriliki upande unaogusa ufizi. Seti haibadiliki kwa nje, lakini inakaa tena. Wataalamu hushauri meno ya bandia yakaguliwe kila mwaka hata kama hayaumi, na seti nyingi huhitaji kubadilishwa kabisa baada ya miaka 5 hadi 10.

YAKIVUNJIKA

Kuna kuvunjika kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni ajali: yameteleza kwa sabuni, yakaangukia sakafu ya saruji. Aina ya pili ni ya ajabu. Mtu amekaa anakula zake mahamri laini kwa mbaazi, mara kaa! seti ya juu imepasuka katikati. Je, mahamri yaweza kuvunja plastiki?

Hayawezi. Ufizi wa pembeni ukishuka, seti hubaki imeegemea mfupa mgumu wa katikati ya kaakaa, ikawa inapinda kila mtu anapotafuna. Chukua waya ukaukunja huku na huku, mwishowe hukatika bila ya nguvu. Mahamri yalimalizia tu kazi iliyoanza zamani.

Nyanya yangu mzaa mama, wa huko Msambweni, seti yake ilipasuka namna hiyo mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza fundi aliiunga vizuri, hata alama huioni. Miezi michache baadaye ikapasuka pale pale. Akaniambia, "Mume wangu, haya meno yana jini haya!" Nikamwambia, "Nyanya, tuyapeleke kwa daktari atazame na ufizi pia." Mara hiyo ya pili ndipo alipoambiwa kuwa ufizi umeshuka. Seti ikaungwa na ikatiwa bitana, na hadi naandika haya, jini halijarudi.

Basi mwenzangu, ukitumwa gundi kali ya dukani, ile waiitayo supa gluu, mweleze mzee kwa adabu mambo haya. Kwanza, gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa na yaweza kuuchoma ufizi. Pili, mate na kutafuna huiachisha, na kipande kikiachia wakati wa kula mtu anaweza kukimeza au kikamwingia njia ya hewa. Jambo la kuogopesha ni kwamba akriliki haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hivyo kipande kikipotea ni lazima daktari aambiwe wazi. Tatu, gundi huunganisha vipande vikiwa vimepishana kidogo, na fundi akija kuvipata hawezi tena kuvilinganisha. Kazi ya saa chache inageuka kuwa kazi ya kuunda seti mpya.

Fundi mwenyewe hufanyaje? Huvilinganisha vipande, akamimina plasta chini yake ili visisogee. Kisha huupanua ufa kwa tupa, akajaza akriliki inayogandia bila kupikwa, na mwisho akang'arisha. Kwa hivyo kusanya vipande vyote, hata kile kidogo kama punje ya mchele, uvitie katika chombo chenye maji. Na ukifika, uliza swali la pili baada ya lile la ufa: je, seti bado inakaa?

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Kutunza meno ya bandia si kazi ngumu wala haihitaji pesa nyingi.

1. Yasafishwe kila siku kwa mswaki laini na sabuni isiyo kali. Dawa ya meno ya kawaida, makaa, jivu na mchanga huyakwaruza, na penye mikwaruzo ndipo uchafu unapojificha.

2. Wakati wa kuyaosha, weka chini beseni lenye maji au taulo. Yakiteleza hayatavunjika.

3. Yasitiwe katika maji yanayochemka, maana plastiki hupinda na haitakaa tena. Dawa ya kung'arishia nguo kama Jik nayo isitumike ovyo, hasa yakiwa na chuma ndani yake.

4. Usiku yavuliwe, yalazwe ndani ya maji safi ya kawaida. Yakiachwa makavu huweza kubadilika umbo. Mwezi wa Ramadhani wengi hula daku na kurudi kulala nayo. Yaoshwe na yavuliwe hata wakati huo.

5. Ufizi, ulimi na kaakaa visuguliwe pia, kwa mswaki laini au kitambaa safi. Kutokuwa na meno hakuondoi kazi ya kusafisha kinywa.

Kuna wazee wasiokubali kuyavua usiku kwa kuona haya. Tuwaelewe, lakini tuwaambie ukweli. Ufizi unaofunikwa usiku na mchana hupata wekundu na kuvu. Tena kuna utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Uligundua kuwa waliolala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya homa ya mapafu takriban mara mbili ya wale waliovua.

Na kidonda je? Seti mpya yaweza kuchubua mahali; daktari huikwangua kidogo na mambo yakatulia. Mzee asijikwangulie mwenyewe kwa kisu. Lakini kidonda kisichopona kwa wiki mbili, hata kama hakiumi, kitazamwe na daktari upesi, kwa sababu huenda ikawa ni saratani inayoanza.

AENDE WAPI?

Hospitali ya rufaa ya kaunti yetu iko Msambweni, na ng'ambo ya feri ya Likoni ipo Coast General mjini Mombasa. Kabla hujampandisha mzee matatu kutoka Lunga Lunga au Kinango, ulizia kwanza katika kitengo cha meno kama kazi ya meno ya bandia inafanywa hapo hapo au mtaelekezwa pengine, na ni siku gani. Nauli ya bure haipo. Jihadharini na wale wa kupita majumbani wakisema wanaunda meno barazani. Daktari wa meno halali husajiliwa na baraza la madaktari, yaani KMPDC, na si utovu wa adabu kumwuliza cheti.

Kwa wenzangu mnaopenda sayansi na kazi za mikono, ufundi huu wa meno ni taaluma inayosomewa, na chuo cha KMTC kule Nairobi huifundisha. Mwanafunzi wa hapa akirudi na ujuzi huo, wazee wetu hawatavuka feri kwa ajili ya ufa mdogo.

Kwa leo nakomea hapo. Ukirudi nyumbani jioni, mwulize nyanya au babu kama meno yake yanakaa au yanacheza. Akisema yanacheza, msisubiri yapasuke. Nawatakia wazee wetu kutafuna kwema na kusimulia kwingi.