Moshi wa Jikoni na Mikutano ya Wakubwa

Mwezi huu tunawaomba tuingie pamoja jikoni. Hatuendi kwa ajili ya mapishi wala lishe, mambo ambayo tumeyaongea mara nyingi, bali kwa ajili ya moshi. Wengi wetu tumekua nao, tukauzoea kama tulivyozoea giza la usiku.

Tarehe 14 Mei 2024 moshi huo ulijadiliwa mjini Paris, Ufaransa. Walikuwapo viongozi wa serikali, wataalamu wa nishati, mabenki na wenye makampuni. Mkutano uliongozwa kwa pamoja na Rais wetu, Mama Samia Suluhu Hassan. Waziri Mkuu wa Norway, Jonas Gahr Støre. Akinwumi Adesina, aliyekuwa rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wakati huo. Na Fatih Birol, mkurugenzi mtendaji wa Shirika la Kimataifa la Nishati. Serikali na makampuni yaliahidi dola bilioni 2.2 za Kimarekani ili familia za Afrika zipate nishati safi ya kupikia. Siku chache kabla yake, Serikali yetu ilikuwa imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Aidha, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Agizo hilo linagusa shule, seminari, magereza na hospitali kama hii yetu.

Katika miaka yetu mingi ya wodini hatukuwahi kuona marais, wanasayansi na matajiri wakikaa meza moja kuzungumzia mafiga. Walizungumzia barabara, migodi na mabomba ya mafuta. Mafiga yalihesabiwa kuwa mambo ya akina mama. Kwa hiyo tunaupokea mkutano huo kwa furaha, lakini kwa macho ya muuguzi, ambaye kazi yake ni kuuliza kama dawa iliyoandikwa imefika kinywani mwa mgonjwa.

Moshi unafanya nini mwilini?

Ule moshi wa kuni una chembe ndani yake ambazo jicho halizioni. Zile zilizo hatari zaidi ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja una upana wa chembe kama 30. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huvuka na kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo moshi hauleti kikohozi peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto chini ya miaka 5. Wengi wa hao wengine walikufa kwa ugonjwa wa moyo na kiharusi, wakifuatiwa na wenye nimonia, pumu ya uzeeni na saratani ya mapafu. Hapa Tanzania Serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka. Bibi anayekuja kliniki ya macho na mtoto wa jicho, mara nyingi ana miaka 40 ya kupuliza moto nyuma yake.

Mkaa nao una udanganyifu wake. Watu husema hauna moshi, basi ni salama. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia isibebe hewa safi. Nyanda za juu wakati wa baridi familia huingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, kwanza mtoe nje penye hewa, ndipo utafute gari la kumleta hospitali.

Mtungi upo, gesi haipo

Tukitembelea wagonjwa majumbani, tunakuta kitu kimoja mara kwa mara. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimama kona ya sebule, umefutwa vumbi vizuri, wakati mwingine umefunikwa kitambaa cha kufuma. Nje maharage yanachemka kwenye mafiga. Ukiuliza, mama anacheka: "Iliisha, sista, tangu Pasaka."

Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, ilipanga kuuza mitungi 452,445 kwa bei ya ruzuku, yaani mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Ni jambo jema. Lakini mtungi ni chombo tu, kama chupa ya dripu. Kinachomponya mtu ni kilichomo ndani, na hicho huisha.

Wahindi walilijua hili kabla yetu. Mwezi Mei 2016 serikali yao ilianza mpango mkubwa uitwao Ujjwala, wa kuunganishia gesi akina mama maskini. Kufikia Septemba 2019 walikuwa wamefikia familia milioni 80, kazi ya ajabu kwa miaka mitatu na ushee. Lakini walipohesabu mitungi iliyojazwa, familia hizo zilikuwa zinatumia wastani wa mitungi mitatu tu kwa mwaka, chini ya nusu ya matumizi ya familia nyingine. Siku zilizobaki walirudi kwenye kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Ndipo serikali ikaanza kusaidia bei ya kujaza, mwaka 2022, ikaongeza msaada huo mwaka 2023, na mitungi inayojazwa ikaongezeka.

Jirani zetu wa Kenya nao walirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia mwezi Julai 2021. Wakaipunguza kuwa asilimia 8 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 wakaiondoa. Kalamu moja ya waziri wa fedha huweza kuingiza moshi katika nyumba nyingi, au kuutoa.

Tatizo jingine ni namna fedha zinavyoingia nyumbani. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja leo anapika leo. Gesi inataka fedha za mwezi mzima kwa mara moja, na mama anayeuza mboga hana fedha za mwezi mzima, ana za leo. Hapa wabunifu wametusaidia kweli. Kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Dar es Salaam, ilifunga mita kwenye mtungi ili mtu alipe kwa simu kidogo kidogo, kadiri anavyopika. Januari 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas katika mkataba wa dola milioni 25, na huko Kenya imejulikana kwa jina la M-Gas. Ubunifu huu tunaupenda kwa sababu ulianza kwa kutazama pochi ya mama.

Hata hivyo mita ya simu haijafika kila kigango. Akina mama wa jumuiya moja tunayoifahamu wamefanya mchezo wa gesi: watu sita, kila mmoja anachanga kidogo kila wiki, na mtungi mmoja unajazwa kwa zamu. Hawakungoja semina.

Si kila jiko jipya ni tiba

Hapa tunaomba tuseme neno ambalo wauza majiko hawatalipenda. Kule Malawi, wilaya za Chikwawa na Karonga, watafiti walizipa familia majiko yenye feni ndogo inayochajiwa kwa jua, yanayochoma kuni kwa moshi mdogo. Wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2016 yalionyesha kwamba nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika, na moshi wa takataka na wa majirani uliendelea kuwafikia watoto.

Utafiti mwingine ulifanyika Rwanda, India, Peru na Guatemala, kwa wajawazito 3,200. Nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Moshi waliouvuta ulipungua sana. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukuwa tofauti na wa wenzao, wala nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua kama ilivyotarajiwa.

Je, ina maana moshi hauna neno? Hapana. Mapafu, moyo na macho ya mama yana hesabu yake ndefu kuliko miezi 18. Lakini mtoto hupata nimonia pia kwa kukosa chanjo, kwa utapiamlo na kwa kulala wengi katika chumba kidogo. Jiko halichukui nafasi ya chanjo wala ziwa la mama. Kiongozi akisimama jukwaani akasema majiko yake yatamaliza nimonia, mpigieni makofi ya adabu, kisha mpelekeni mtoto kliniki.

Gesi na umeme vitumike kwa akili

Wodi yetu ya majeraha ya moto inatulazimisha kulisema hili kwa kirefu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni kama maji na kujikusanya pembeni, ikingoja cheche. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili mjue. Mkiisikia, fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, tokeni nje. Msiwashe taa wala kuizima, maana swichi hutoa cheche. Mtungi usimame wima, usilazwe kamwe. Kila mnapofunga mtungi mpya pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Msitumie kiberiti kutafuta mvujo. Wapo waliofanya hivyo, tumewafunga bandeji.

Wenye umeme wasiuogope kwa maharage. Jiko la umeme la presha hufunika joto ndani, na sufuria ya maharage haifikishi uniti moja. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na itakuwa ajabu umeme huo upite juu ya mapaa yetu huku chini tunapuliza moto.

Wale ambao bado wako kwenye kuni, nao ni wengi, wapikie nje au penye upepo. Kuni zipasuliwe na kukaushwa, maana kuni mbichi ni moshi mtupu. Maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Abaki na dada, bibi, au baba. Naam, baba.

Fedha za Paris nazo tuziulize. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati walisema Afrika inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030. Mwezi Julai 2025 walieleza kwamba katika zile bilioni 2.2 zilizoahidiwa, zilizokwisha kutolewa zilikuwa zaidi ya milioni 470. Diwani na mbunge wakija parokiani, waulizeni mitungi mingapi imejazwa mara ya pili na ya tatu katika kata yenu. Ile iliyogawiwa wataitaja wenyewe bila kuulizwa.

Mtoto akikohoa

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua kifua chake, uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anahema haraka mno. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, au ametapika kila kitu, mleteni usiku huo huo. Na mkifika, mwambieni muuguzi mnapikia nini na mtoto analala wapi. Tutaandika kwenye kadi yake.